Betri nyingi za magari ya rimoti zinafia kabatini

"Kaka, betri yangu mwaka jana ilikuwa inanipa dakika ishirini. Sasa dakika saba tu gari limeshachoka. Nimeuziwa feki?"

Ujumbe huu nimeupata juzi, na umenigusa pabaya. Swali hilohilo niliwahi kulipeleka dukani nikiwa nimefura, mbele ya wateja, na mwenye makosa nilikuwa mimi.

Betri yangu ya kwanza ya maana ilikuwa lipo, zile laini za lithiamu: seli mbili, volti 7.4, miliampia-saa 5000. Niliidundulizia miezi minne. Kabla yake nilikuwa na ya nikeli iliyokuja na gari, seli sita, volti 7.2, nami nilizoea kukimbiza mpaka gari litambae. Nikachomeka lipo na mazoea yaleyale. Kumbe kile kiboksi kinachogawa umeme kwenda kwenye mota kina mpangilio wa nikeli na mpangilio wa lipo. Ukikiacha kwenye nikeli, hakikati umeme seli za lipo zinaposhuka kupita kiasi.

Mimi nilikiacha. Jioni tukikutana uwanja wa shule, magari ya wenzangu yanazimika, langu linakwenda dakika mbili zaidi, nami natamba. Dakika mbili zile ndizo zilizoniulia betri. Seli ya lipo haitakiwi kushuka chini ya volti 3. Nilipoazima mita, moja ilisoma 2.3. Wiki chache baadaye chaja inasema imejaa, lakini ukiminya rimoti gari linashtuka kisha linalegea. Ukinzani wa ndani ulikuwa umepanda, umeme unaishia kuwa joto.

Muuzaji, mzee mpole, aliigeuzageuza mkononi akaniuliza, "Mwanangu, huwa unaacha kucheza wakati gani?" Badala ya kumjibu, nilimwita mwizi. Nilipokuja kujua ukweli nikaenda kumwomba radhi, duka lilikuwa la mtu mwingine. Jambo hilo bado linaniuma.

Ya pili niliichaji ikajaa, volti 8.4, mwishoni mwa Shaabani, nikidhani tutacheza kesho yake. Hatukucheza. Ramadhani nzima ilikaa juu ya kabati, chini ya bati, na joto la Tanga mnalijua. Idi Mosi naitoa mbele ya watoto wa dada yangu, imevimba kama andazi, plastiki ya nje imekaza mpaka maandishi yamevutika. Lipo ikikaa imejaa mahali pa joto, kimiminika cha ndani huvunjikavunjika na kutoa gesi. Mwezi mzima haikuwa imezungusha gurudumu hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tunalaumu mwendo, tunalaumu mchanga, tunalaumu Wachina, kumbe betri inafia kabatini kwa mikono yetu.

Ninayotumia sasa inaingia mwaka wa tatu, na nasema kwa kujivunia. Sina siri kubwa. Nikimaliza kucheza naichomoa kabisa kwenye gari, kwa sababu kile kiboksi huweza kuendelea kunyonya umeme kidogo kidogo hata swichi ikiwa imezimwa. Naiacha ipoe kabla ya kuichaji. Naichaji kwa ampia 5, si zaidi, huku waya mdogo wa kusawazisha seli umechomekwa. Kama sitacheza kesho, nairudisha volti 3.8 kwa kila seli. Chaja nyingi za lipo zina kitufe cha kazi hiyo. Na kuichomoa, jamani, narudia: ichomoe.

Ndugu zangu, tunataka magari yaruke, tunataka mota kubwa, lakini kusubiri nusu saa betri ipoe hatutaki. Kijana ananunua mota ya bei mbaya halafu hana mita ya kupimia seli! Heshimu kitu ulichokitolea jasho. Na iliyovimba usiichaji, usiitoboe, usiiweke ndani wanakolala watoto. Ikishika moto huna muda wa kutafuta maji.

Wewe uliyeniandikia, usiende dukani kwanza. Angalia kiboksi chako kimewekwa kwenye nikeli au lipo. Kisha ichaji ijae, iache saa moja, pima seli moja moja, cheza dakika tano, pima tena. Kama moja inashuka mbali kuliko mwenzake, hiyo ndiyo iliyochoka. Nitumie namba zote nne tuzitazame pamoja.