Weka begi chini kwanza, hilo bakuli limejaa makapi

Mkuu, usiondoke. Umeuliza utamjuaje dume na jike, uweke kiota cha aina gani, kama tongo wako watano wa kifua cha magamba, hao vindege wala mbegu, wataelewana na kanari, halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, ukasema unatoka Muscat kwenda Salalah siku nne na "nimewajazia bakuli hadi ukingoni, haliishi leo wala kesho". Hayo mengine yatangoja. Hilo la mwisho litakupa ndege waliokufa njaa kando ya bakuli lililojaa. Usiniulize nimejuaje. Haya, uliza: nilikuwa nao sita.

Tongo hamezi mbegu nzima kama njiwa. Huizungusha mdomoni kwa ulimi, huibana mpaka ganda lipasuke, humeza kiini na kuliachia ganda palepale aliposimama. Huko mbugani kwao na kwenye mashamba ya mpunga, kuanzia India mpaka Ufilipino na Indonesia, hilo halina madhara: yeye amening'inia kwenye bua, ganda linaanguka chini, anahamia suke jingine. Kwenye bakuli lako ganda linaangukia juu ya mbegu ambazo hazijaliwa. Ikifika jioni kuna tabaka zima, na tongo si kuku, hachakuri. Anadonoa juujuu, akikosa anarudi kijitini.

Kinachotudanganya ni kwamba ganda la mtama mdogo wa duka la ndege, na la mbegu za kanari vilevile, likishapasuka hubaki na umbo lilelile na mng'ao uleule. Ukitazama kwa juu utaapa ni mbegu. Nyanyua bakuli: likiwa jepesi kuliko ulivyoliweka, hizo ni ngozi tu. Au chota kiganjani, toka nje, puliza. Kinachoruka ni makapi, kinachobaki ndicho chakula. Usihangaike na chekecheke, maana ganda na mbegu vina ukubwa mmoja na vitapita pamoja au vitabaki pamoja. Hapa ni upepo tu. Bibi zetu na nyungo zao walishalimaliza somo hili zamani. Na usipulizie bakuli likiwa ndani ya tundu, vumbi lote litaishia machoni mwako na puani mwa ndege.

Aliyeniuzia alisema hawa ni ndege wasio na taabu, "jaza usahau". Kusahau nilisahau kweli, sifa hiyo simnyimi. Akaniongezea na ile chupa ya kulishia, mbegu zinashuka zenyewe. Hiyo ni mbaya kuliko bakuli! Makapi huziba mdomo wa chini, mbegu hazishuki tena, na chupa inaonekana imejaa mpaka juu. Siku ya pili ukiona kiwango hakijapungua usifurahi kwamba wanakula kidogo. Mtu aliyeuza ndege miaka yote hiyo hakosi kulijua hili. Basi tu, ndege akifa utarudi kununua mwingine.

Piga hesabu. Tongo mmoja ana kama gramu 13, sawa na vijiko vitatu vya chai vya sukari. Hana akiba mwilini. Mchana mmoja na usiku wake bila kula unatosha kumwua, na dalili huja mwishoni: manyoya yamevimba, analala mchana, mavi ni machache na ya kijani kibichi yasiyo na kitu ndani, mfupa wa kifua ukiupapasa ni kama ukingo wa kisu. Akifika hapo, mweke kwenye kisanduku kidogo chenye joto la nyuzi 30 hivi, taa upande mmoja ili aweze kuikimbia ikimzidi, mbegu zitawanywe sakafuni juu ya karatasi kwa sababu hana nguvu ya kuparamia. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Gusisha tone pembeni mwa mdomo, anyonye mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni ni moja: USIONGEZE JUU, MWAGA KWANZA. Tumia sahani pana, mbegu zisizidi kina cha sentimita moja. Kila ndege anahitaji kama kijiko kimoja cha chai kwa siku, mbegu halisi bila makapi. Kwa watano weka vijiko kumi, yaani maradufu, ukigawa kwenye sahani mbili, maana mbabe mmoja akiikalia moja wengine wana pa kwenda. Zisiwe chini ya vijiti, watazinyea. Asubuhi mwaga kila kitu kwenye ungo, peta, rudisha kilicho kizito, jazia upungufu. Jioni saa kumi na moja rudia, kwa sababu wanapaswa kuingia usiku wakiwa wameshiba. Bakuli lenye kina kirefu lina kosa la pili pia: kwa unyevu wa pwani, za chini huota ukungu kabla hazijafikiwa.

Kwa safari yako, tafuta mtu aje kila siku, mara mbili akiweza. Mwonyeshe kupeta kwa mikono yako, asome uso wa sahani, kwa sababu ukimwambia "angalia kama chakula kipo" atakuja, ataona kipo, ataondoka. Kama tahadhari, ning'iniza masuke mazima ya ule mtama mdogo mrefu kama mkia wa paka, angalau matano, mbalimbali. Hapo makapi huanguka chini yenyewe kama porini, na kucha zao hupata kazi ya kushika. Maji yawe vyombo viwili. Mtu asipopatikana, wabebe uwapeleke kwa mwenzako, au ahirisha safari. Salalah haihami.

Dume na jike? Kwa macho hutawatofautisha, hawa wanafanana. Dume ndiye anayeimba, na huimba kwa sauti ndogo mno: anajinyoosha, mdomo wazi, koo linatetema, wewe husikii karibu chochote, na mwenzake anamsogelea kusikiliza. Mfunge pete ya rangi ukimwona. Lakini kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, toa lile bakuli nje, puliza, halafu tupia hapa picha ya kilichobaki.