Fundi wa Nyumbani: Chaji ya Pikipiki Kuukuu

Majibu ya safari hii yanahusu pikipiki za zamani za cc 100 hadi 150, zenye betri ya volti 12.

SWALI: Nina pikipiki ya zamani ya cc 125, nabebea zabibu kutoka shambani. Mwaka huu nimeshanunua betri mbili. Nikiiendesha kutwa iko sawa, lakini ikilala siku mbili stata haizungushi na honi inakoroma. Fundi mmoja anasema koili, mwingine anasema rektifaya. Ninunue kipi kwanza? (Msomaji, Hombolo)

Ndugu yangu, kabla ya koili (inayozalisha umeme injini ikizunguka) au rektifaya (inayougeuza umeme huo ufae betri na kuuzuia usizidi), nunua mita ya kupimia umeme kwanza. Hata ile ya dijiti ya bei nafuu kabisa inatosha. Inauma kuona mkulima anatoa hela ya mbolea kwenda kununua betri ya tatu wakati hakuna aliyepima chochote.

Betri inayokufa pikipiki ikiwa imesimama inaashiria umeme unaovuja, kwa hiyo anzia hapo. Zima swichi, fungua waya wa hasi kwenye betri, weka mita upande wa ampea 10, kisha iunganishe kati ya nguzo ya hasi na ule waya uliofungua. Usiguse stata wakati huo, utaunguza fyuzi ya mita. Ikisoma sifuri, hamia miliampea. Pikipiki ya zamani isiyo na alamu wala redio haipaswi kula zaidi ya miliampea moja au mbili ikiwa imezimwa. Ikizidi, chomoa soketi ya rektifaya huku unaangalia mita. Namba ikishuka hapo hapo, umempata mwizi: diodi ya ndani (mlango wa umeme wa upande mmoja) imechoka na inaruhusu umeme wa betri urudi nyuma kwenye koili. Isiposhuka, chomoa kimoja kimoja vitu vilivyoongezwa, hasa chaja ya simu na taa za pembeni.

Kama hakuna uvujaji, chaji betri nje ya pikipiki kwa moja ya kumi ya ukubwa wake (betri ya Ah 5 kwa ampea 0.5), iache itulie saa kadhaa, halafu pima. Volti 12.6 au zaidi imejaa. Ikiwa 12.4, imepungua kama robo. Chini ya 12.0 imeisha. Sasa bonyeza stata huku unaangalia mita: ikianguka chini ya volti 9.5, seli mojawapo imekufa, na hapo kweli ni betri.

Betri ikiwa nzima, washa injini na upime palepale kwenye nguzo zake. Vuta mafuta kidogo mpaka injini ichangamke kama ikiwa gia ya tatu kwenye kilomita 40 kwa saa. Tunatafuta volti 13.5 hadi 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu huku ikishuka, chaji haiji. Ikipita 15, rektifaya haizuii tena.

Chaji isipokuja, usikimbilie dukani. Chomoa soketi ya rektifaya uitazame kwenye mwanga. Vumbi la kwetu huingia kwenye pini, mtikisiko unazilegeza, pini iliyolegea inapata moto, na plastiki inageuka rangi ya kahawia kuzunguka tundu moja. Hilo ndilo tundu la shida. Likate, weka vichwa vipya, lehemu kwa risasi na ufunike. Kusokota waya na kuzungushia selotepu kutakurudisha hapo hapo baada ya mvua ya kwanza. Kisha, injini ikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye waya mwekundu pale unapotoka kwenye rektifaya na nyingine kwenye chanya ya betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.3, umeme unapotelea njiani: kwenye waya, fyuzi au swichi. Fanya hivyo hivyo upande wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi), kutoka waya wa kijani hadi hasi ya betri.

Baada ya hapo ndiyo zamu ya koili. Kwenye pikipiki nyingi za mtindo wa Honda na zile za Kichina zilizoiga mtindo huo, njano ni ya taa, nyeupe au pinki ni ya kuchaji, nyekundu inakwenda betri na kijani ni ethi. Zima injini, chomoa soketi, pima omu (ukinzani wa waya) kati ya nyeupe na kijani. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe na utoe namba hiyo. Kinachobaki kiwe chini ya omu 2. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Ikiwa omu ziko sawa, washa injini soketi ikiwa bado imechomolewa, weka mita upande wa AC (umeme geu, ule wa koili kabla ya rektifaya): volti zinapaswa kupanda vizuri kadiri unavyovuta mafuta. Zikipanda, koili nzima, badilisha rektifaya.

Jambo moja linalowaponza wengi: kwenye koili ya aina hii ncha moja imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo mita kulia ukigusa bodi ni kawaida. Asije mtu akakuambia imepiga shoti. Kwenye pikipiki zenye nyaya tatu za njano ndipo koili ikigusa bodi imekufa.

SWALI: Nimepima, koili ya kuchaji imekatika. Nataka kufunga mpya mwenyewe. Naona mafundi wanagonga magneti kwa nyundo mpaka inachomoka. Kuna njia nyingine? (Dereva bodaboda, Kibaigwa)

Kaka, iko pula, kifaa cha kuvutia magneti itoke, na hakuna njia nyingine ya kuaminika. Magneti ni lile gurudumu linaloizunguka koili, na sumaku zimegandishwa ndani yake kwa gundi. Ukigonga, moja huachia, na siku ukiwasha inasaga koili uliyonunua jana. Nyundo pia huharibu nyuzi za ncha ya krenki, na hapo gharama haizungumziki tena. Tafuta pula ya saizi ya magneti yako na uzikague nyuzi kabla ya kukaza, maana baadhi zinazunguka kinyume.

Usinunue koili kabla ya kuitoa ya zamani. Nenda nayo dukani mkononi. Hesabu nguzo zake (vile vichwa vilivyozungushiwa waya), linganisha kipenyo, matundu ya bolti na rangi za nyaya. Koili na magneti hutengenezwa kwa kulingana. Idadi ya nguzo ikipishana, bolti zinaweza kuingia vizuri kabisa na chaji isije.

Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Kama magneti yako inakaa ndani ya oili, mwaga oili. Weka alama pedeli ya gia ilipokaa kabla ya kuitoa. Bolti za kava hazilingani urefu, kwa hiyo chora kava kwenye boksi na uchomeke kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ikiingia tundu fupi inapasua kava. Fungua nati ya kati huku magneti ikishikiliwa kwa mkanda, au weka gia ya juu na mwenzako akanyage breki ya nyuma. Funga pula mpaka mwisho, kaza bolti yake ya kati, kisha igonge kidogo kichwani. Magneti itaachia kwa mlio mmoja mkali. Chini yake kuna kii ndogo ya nusu mwezi kwenye krenki. Itoe uihifadhi, kwa sababu bila hiyo taimingi (wakati wa cheche kuwaka) inapotea.

Skrubu za koili huwa ngumu mno. Bisibisi ya kawaida itazila vichwa, tumia bisibisi ya kugonga. Koili mpya ikikaa, pitisha waya wake kwenye mpira wake na chini ya kibano chake. Ukiachwa uning'inie, magneti itaukwangua.

Hapa taratibu. Safisha mteremko wa krenki na tundu la magneti kwa petroli, vikauke, usipake grisi. Rudisha kii. Kisha geuza magneti uchungulie ndani na upitishe kidole pembeni mwote, kwa kuwa sumaku hunasa skrubu, washa, hata chembe za chuma kutoka mezani, na kimoja tu kinatosha kuchana koili mpya mzunguko wa kwanza. Irudishe, zungusha kwa mkono usikilize kama kuna kinachogusa, ndipo ukaze nati kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Kama uligusa pulsa (kile kihisi kidogo kando ya magneti kinachoamuru cheche), pima pengo lake kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Kwa nyingi za aina hii ni milimita 0.3 hadi 0.8. Funga kava kwa gasketi mpya na urudishe oili, karibu lita moja kwa injini ya cc 125, huku ukihakikisha kwa kijiti.

SWALI: Taa ya mbele inaungua kila nikivuta mafuta, lakini betri haichemki. Nimebadilisha rektifaya, bado. (Msomaji, Manyoni)

Kwenye pikipiki nyingi za zamani taa ya mbele haili umeme wa betri. Inapata moja kwa moja kutoka waya wa njano, na rektifaya huupunguza umeme huo ikiwa tu waya wa njano umeifikia. Ukikatika kati ya tawi la taa na soketi, betri itachajiwa vizuri na balbu zitaendelea kufa, hata ubadilishe rektifaya ngapi. Pima mwendelezo wa waya huo, kisha ethi ya kijani. Kagua pia mpangilio wa pini: rektifaya mbili zinaweza kuwa na soketi ya umbo moja na pini zimepangwa tofauti. Na ifunge mahali penye upepo, ikigusa chuma cha fremu. Umeme unaozidi inaugeuza joto, na ikifichwa chini ya siti haina pa kulitoa.

SWALI: Maji ya betri yanaisha haraka. Niongeze ya kisima au asidi? (Msomaji, Kondoa)

Vyote hapana, dada. Kinachopotea ni maji, asidi inabaki, kwa hiyo ongeza maji yaliyotoneshwa ya dukani mpaka mstari wa juu. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na chumvi hiyo hubaki kwenye sahani. Asidi huwekwa mara moja tu, betri ikiwa mpya. Yakiendelea kupungua kila wiki, pima chaji: huenda imepita volti 15. Na siku ukifunga betri mpya ya maji, ng'oa kile kikofia chekundu kwenye tundu la kupumulia kabla ya kuvalisha mpira wake. Kikisahauliwa, gesi hukosa pa kutokea na betri hupasuka ubavu.