Hong Kong: ilikabidhiwa au ilirudishwa?

SWALI: Ninatafsiri habari za mwaka 1984. Kichwa nilichoandika ni "Maoni ya Bunge la Uingereza kuhusu mazungumzo ya kukabidhiwa Hong Kong kwa China". Mhariri wangu amefuta "kukabidhiwa" akaweka "kurudishwa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, vitenzi hivi havisemi jambo moja. Kukabidhi ni kumtia mtu kitu mkononi. Karani anayehama humkabidhi mwenzake funguo za ofisi, na funguo hizo si mali ya yeyote kati yao. Lakini ukirudisha sufuria, umeshakiri kwamba ni ya jirani.

Hapo ndipo penye ugomvi. Uingereza ilikichukua kisiwa cha Hong Kong kwa mkataba wa 1842, baada ya vita; ikaongeza Kowloon, rasi inayokikabili kisiwa hicho, mwaka 1860; New Territories, eneo lililo kaskazini mwa Kowloon, ikazikodi mwaka 1898 kwa miaka 99. Kwa hesabu ya Waingereza, cha kurudishwa kilikuwa hicho cha kukodi tu. Serikali ya Jamhuri ya Watu wa China haikuitambua mikataba hiyo hata mmoja, na mwaka 1972 Umoja wa Mataifa uliiondoa Hong Kong katika orodha ya makoloni kwa ombi la China. Hata neno "koloni", basi, lina upande.

Waliotunga Tamko la Pamoja la Uingereza na China kuhusu Hong Kong, lililotiwa saini Beijing tarehe 19 Desemba 1984, walipima kila kitenzi. Katika ibara ya kwanza China inasema itaanza tena kutekeleza mamlaka yake. Katika ya pili Uingereza inasema itairudisha Hong Kong. Ni tamko moja, ila kila serikali inatamka kwa kinywa chake. Naihusudu sana kazi ile. Kwa hiyo ukinukuu Tamko, mfuate mhariri wako. Ukisimulia, baki na kukabidhi, maana hakikulazimishi kuamua kesi ya wenyewe. Ila usiandike "kukabidhi mamlaka": kwa China, mamlaka hayakuwahi kuondoka.

Kosa lako liko kwingine. Anayekabidhiwa ni mpokeaji. Msomaji akikuta "kukabidhiwa Hong Kong" anamtafuta aliyepewa, kisha "kwa China" inamrudisha nyuma aanze upya. Sema kwamba usiku wa kuamkia 1 Julai 1997 China ilikabidhiwa Hong Kong, au Uingereza iliikabidhi China Hong Kong.

Na "maoni ya Bunge"? Maoni ni ya mbunge mmoja mmoja. Bunge lina azimio. Mwanzoni mwa Desemba 1984 wapo wabunge wa Bunge la Makabwela waliohoji wakazi wangebaki na uraia gani. Hayo ni maoni. Mwishowe Bunge liliunga mkono nia ya serikali kutia saini, na huo ni uamuzi. Kama habari yako inahusu kauli zao, andika: "Maoni ya wabunge wa Uingereza kuhusu mazungumzo ya kuikabidhi China Hong Kong".