Kwa nini chura wa Kihansi asihamishiwe maporomoko mengine?

SWALI: Nasikia chura wa Kihansi ananyunyiziwa maji kwa mabomba ili mitambo ya umeme iendelee kuzunguka. Milima ya Udzungwa huku Tanzania, liliko korongo lake, imejaa maporomoko. Si rahisi zaidi kumhamishia huko? Kwani chura si huishi popote penye maji?

JIBU: Ndugu msomaji, chura wengi wanaweza kuridhika na dimbwi lolote. Huyu dimbwi hana haja nalo hata kwa kuzalia, kwani jike, asiyefikia sentimita 3, hazai mayai bali vichanga vilivyokwisha kuwa chura kamili. Anachohitaji ni manyunyu. Mto Kihansi ulipokuwa ukiporomoka korongoni kwa nguvu zake zote, rasharasha na upepo wa maji viliuweka mteremko katika unyevu na ubaridi usiokatika, mchana na usiku, masika na kiangazi. Eneo lenyewe ni kama hekta 2 tu, na hakuna kwingine duniani alikopatikana.

Wataalamu walimgundua mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa tayari unajengwa. Maji yalipochepushwa, zaidi ya asilimia 90 ya mto, manyunyu yalikatika na magugu yakaanza kuingia. Ndipo yakafungwa mabomba unayoyasikia, na mwishoni mwa 2000 chura 499 wakapelekwa Marekani kutunzwa.

Mabomba yalisaidia, hilo lisibishwe. Kufikia katikati ya 2003 chura walikuwa wamerudi kwa maelfu, kisha katika miezi michache wakateketea. Kuvu wa kitridi alikutwa katika mizoga. Kuvu huyu hushambulia ngozi, na chura hunywa, hupumua na husawazisha chumvi za mwili kwa ngozi hiyohiyo. Ikiharibika, moyo husimama.

Hapo ndipo wazo lako linaponitia hofu. Udzungwa ina chura wengine wasiopatikana kwingine, na kumpeleka mgeni mwenye kuvu kwenye kijito chao ni kuwaambukiza. Hata akiwa mzima, maporomoko mengine hayana lazima ya kuwa na ubaridi na manyunyu yaleyale. Ndiyo maana waliozaliwa kwenye matunzo walipoanza kurejeshwa mwaka 2012 walipelekwa Kihansi kwenyewe. Nawe ukipanda milima hiyo, sugua tope la viatu na uvikaushe kabla hujavuka kijito kingine.