Mission: kodi ina kikomo, mbona wapangaji wanahamishwa?
Mpangaji wa Mission, mtaa wa jiji la San Francisco, California, anaweza kutolewa kihalali hata kama kodi yake inalindwa. Kikomo cha kodi kinahusu majengo yaliyopata kibali cha kukaliwa kabla ya Juni 13, 1979, na nyumba nyingi za zamani walimo Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini) zimo. Mwanya uko kwenye Ellis Act, sheria ya California ya 1985: mwenye nyumba anaruhusiwa kuacha kupangisha, mradi aache kupangisha jengo zima, si chumba kimoja. Notisi ni siku 120. Ni mwaka mzima kwa mwenye miaka 62 na kuendelea, au mwenye ulemavu, akiwa ameshakaa humo angalau mwaka.

Kinachoponza zaidi, kwa maoni yangu, ni kupokea hela anayokupa mwenye nyumba ili ukubali kuhama. Ukishatoka, anayefuata hupangiwa bei ya soko (sheria ya California iitwayo Costa-Hawkins, 1995). Una siku 45 za kubatilisha makubaliano baada ya kusaini, kwa hiyo usikabidhi funguo haraka.

Maduka ya mikate na taqueria (migahawa ya taco) za Mtaa wa 24, huko Mission, hayana kinga hiyo kabisa: tangu 1987 California inakataza kikomo cha kodi za biashara.