Usimpake mama kolajeni juu ya gamba jeusi!

Acha kwanza, usipake! Unasema mama ana kisukari, kidonda kiko unyayoni na juu kimeshika gamba jeusi, nawe umenunua krimu ya uso yenye kolajeni, ile protini inayojenga ngozi, unauliza umpake mara ngapi kwa siku na kama kovu litafutika. Usimpake hata mara moja.

Baba yangu alikuwa na kidonda cha aina hiyo hiyo. Muuzaji mmoja alituapia kwamba kolajeni inaotesha ngozi juu ya kidonda chochote. Ikapakwa asubuhi na jioni, juu kukakauka, nyumba nzima ikashukuru Mungu. Muuguzi alipokuja kubonyeza pembeni mwa lile gamba, usaha ukachuruzika kutoka chini na harufu ikajaa chumba. Baba alikatwa vidole viwili. Yule muuzaji hakuuliza habari za sukari, hakuomba hata kukiona kidonda! Nikimkumbuka damu inanichemka mpaka leo.

Kolajeni ya vidonda ipo na inaweza kusaidia, lakini hiyo ni bandeji maalumu isiyo na vijidudu, nyingi hutokana na ng'ombe au nguruwe, kwa hiyo ulizieni kama mgonjwa ana mzio au dini inamkataza. Kidonda sugu kimejaa vimeng'enya vinavyoitafuna nyama changa kabla haijashika. Bandeji ile hutafunwa badala yake, na seli zinazojenga ngozi zikapata pa kujishikiza. Sasa ili ifanye hivyo lazima iguse nyama hai, nyekundu, yenye unyevu. Juu ya gamba itagusa nini? Na krimu ya uso mara nyingi huwa na manukato, wala haikutengenezwa iingie kwenye nyama iliyo wazi.

Kidonda kwanza, kolajeni baadaye. Mtaalamu akikague, aondoe nyama iliyokufa kama inafaa, atibu maambukizi. Wewe usilibandue gamba hilo nyumbani, maana mguu usiopata damu vizuri, gamba kavu wakati mwingine huachwa makusudi. Mwombe apime kama damu inafika mpaka vidoleni. Sukari ishushwe, na mama asiukanyagie mguu huo. Bila hayo mawili hakuna bandeji itakayomponya.

Mpeleke leo. Ukiona wekundu unapanda juu, harufu au homa, usingoje kukuche.