Kutambua wingu la radi kwa kimo chake

Habari, ndugu. Umeuliza kwa nini mawingu mawili yenye kitako cheusi yaliyofuatana, moja limeleta radi na jingine mvua ya kimyakimya. Weusi hauamui, chunguza kwanza kimo. Kitako cha kumulonimbasi, yaani wingu la radi, mara nyingi huwa chini ya kilomita 2, lakini kilele chake huweza kupita kilomita 12, ilhali nimbostratasi, yaani wingu la mvua ya kimyakimya, hutanda anga zima na kunyesha kwa saa nyingi, kwa kawaida bila radi.

Mimi hutazama ukingo wa juu: ukiwa na mafundo makali kama koliflawa, wingu bado linapanda, ukianza kufifia na kutawanyika nyuzinyuzi, kilele kimekwisha kuwa barafu, na kugongana kwa chembe za barafu humo ndani ndiko kunakotenganisha chaji za umeme. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya jengo hata kama mvua haijaanza.